Kuwatambua Bata wa Mwitu kwa Sauti na kwa Maji Wakaamo

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Januari, watu wa kujitolea, wakiwamo walimu na wanafunzi, hujipanga kandokando ya maziwa ya Afrika Mashariki kuwahesabu ndege wa majini. Kazi hiyo ni tawi la Hesabu ya Kimataifa ya Ndege wa Majini iliyoanza mwaka 1967, na nchini Kenya imekuwa ikiendeshwa kwa utaratibu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Heroe hawampi mhesabuji taabu ya jina, wala mwari, wala korongo. Taabu huanza kwa bata. Wako mbali, jua linametameta majini, wote waonekana weusi, na mwishowe daftari huandikwa hivi: "Bata 400, aina haikutambulika."

Mstari huo wagharimu zaidi ya udhaniwavyo. Chini ya Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1990 na Tanzania mwaka 2000, ziwa laweza kutambuliwa kuwa na umuhimu wa kimataifa iwapo kwa kawaida hukaliwa na ndege wa majini 20,000 au zaidi, au iwapo hukaliwa na asilimia moja ya jamii nzima ya ndege wa aina fulani. Ziwa dogo haliwezi kufikisha ndege 20,000, lakini laweza kabisa kufikisha asilimia moja ya bata adimu. Asilimia hiyo haikokotolewi kwa bata wasio na jina. Kwa hiyo mhesabuji ashindwapo kuwatambua bata, huenda ni ziwa lenyewe linalopoteza utetezi wake.

Yafaa basi kuuliza kwa nini jicho hushindwa. Sababu ya kwanza ni kwamba bata wengi wa Afrika dume na jike hufanana, na rangi zao ni za udongo na majani makavu: kahawia, kijivu, na madoadoa. Ya pili yawahusu wageni. Bata wa Ulaya na Asia wajao kwetu kati ya Oktoba na Machi hufika huku madume wakiwa wamevua manyoya yao mazuri ya wakati wa kupandana, wakafanana na majike. Picha ya kitabuni ya dume mwenye mstari mweupe juu ya jicho au mwenye kichwa cha kijani haimsaidii sana aliyesimama kando ya Ziwa Naivasha mwezi wa Novemba. Ya tatu ni umbali, nayo haihitaji maelezo.

Sikio na akili, hata hivyo, hazizuiwi na mng'aro wa jua. Msomaji akijua bata fulani hukaa katika maji ya namna gani, na hutoa sauti ya namna gani, ataweza kutaja majina ya wengi wao kabla hajainua darubini. Majina ya Kiswahili yatumikayo humu ni ya maelezo tu, kwa kuwa lugha yetu haijakubaliana juu ya majina ya bata wote. Ndiyo maana jina la kisayansi limewekwa kando ya kila moja.

Swali la kwanza si "bata gani?" bali "maji gani?" Katika Bonde la Ufa maziwa mawili yaweza kuwa jirani na bado yakawa mbali sana kwa tabia. Ziwa Naivasha, lililo kama mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, halina mto utokao nje, na mtu angetazamia liwe na chumvi. Lakini sehemu ya maji yake hupenya chini ya ardhi na kuichukua chumvi, ndiyo maana ni maji baridi yenye mafunjo, majani ya kuelea na samaki. Ziwa Nakuru, mwendo wa gari usiotimia saa mbili kutoka hapo, halina njia hiyo. Maji yaliyoingia hutoka kwa mvuke tu, chumvi na magadi hubaki, na miaka inavyopita maji huwa makali kama ya sabuni. Mimea ya majini haioti humo ila mwani wa rangi ya buluu na kijani, na pamoja nao wadudu wachache wawezao kustahimili.

Ndani ya kreta ya Ngorongoro mfano huo umekusanywa mahali pamoja. Humo mna Ziwa Magadi (si lile la Kenya) lenye maji ya chumvi, na mwendo mfupi kutoka hapo mna chemchemi ya Ngoitokitok na mabwawa yake ya maji baridi yenye viboko na matete. Ndege huruka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa dakika chache. Hata hivyo bata wapendao magadi hulishia huku, na bata wapendao majani hulishia kule, kwa sababu bata hafuati maji bali hufuata chakula kilichomo majini.

Kwa hesabu ya mkono, basi, mtafutaji wa bata na atofautishe maji ya magadi. Maji baridi ya kina kifupi yenye nyasi na matope. Maji baridi yaliyofunikwa na mayungiyungi. Maji ya kina yaliyo wazi. Na mwisho vijito vya milimani, ambavyo si maziwa lakini huwa na bata wao mmoja, bata mweusi wa mitoni (Anas sparsa), aishiye wawili wawili penye maji yaendayo kasi chini ya miti. Huyo tumwache huko huko. Akionekana ziwani, mhesabuji na amtazame mara ya pili.

Kabla ya kuzitaja sauti, tueleze zitokavyo. Mwanadamu hutoa sauti juu ya bomba la pumzi, kooni. Ndege hutoa sauti chini kabisa ya bomba hilo, pale ligawanyikapo mara mbili kwenda katika kila pafu, kwa kiungo kiitwacho sirinksi. Katika bata wengi dume ana jambo la ziada: upande wa kushoto wa sirinksi yake pana uvimbe mgumu, mtupu ndani, kama kibuyu kidogo cha mfupa. Jike hana. Tofauti hiyo ya umbo huandamana na tofauti ya sauti, nayo ni kinyume cha wengi wanavyofikiri: ile "kwaa, kwaa, kwaa" kubwa tuihesabuyo kuwa sauti ya bata ni sauti ya jike. Dume hutoa mluzi mdogo, au sauti ya kukwaruza, au hunyamaza.

Mwalimu wa baiolojia aweza kulithibitisha hilo bila gharama. Bata dume wa kufugwa wa ukoo wa bata wa Ulaya achinjwapo kwa kitoweo, bomba lake la pumzi lichukuliwe pamoja na sehemu ligawanyikapo, lisafishwe, na wanafunzi waupapase uvimbe huo kwa vidole vyao. Tahadhari moja: bata wengi wa vijijini kwetu, wale wenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni, si wa ukoo huo. Asili yao ni Amerika, na ni wakimya. Dume wao hutoa pumzi ya mfano wa nyoka tu. Aliyekua na bata hao peke yao asishangae kuona kwamba sikio lake halijazoea sauti za bata wengine.

Wako bata wasiofuata kanuni hiyo ya jike mwenye kelele na dume mpole, nao ndio rahisi kuliko wote kutambuliwa kwa sikio. Hao ni bata wapigao mbinja. Bata mbinja uso-mweupe (Dendrocygna viduata) ana uso mweupe kana kwamba ametumbukiza kichwa katika unga, kisogo cheusi, shingo ndefu na miguu mirefu. Asimamapo ufukweni husimama wima, kundi zima likitazama upande mmoja. Dume na jike hufanana kwa rangi, na wote wawili hupiga mbinja. Sauti ni tatu, safi, zikishuka: "fii-fii-fyuu". Hula zaidi usiku. Kwa hiyo usiku wa manane, katika nchi za chini zenye mabwawa na mito, watu waliolala majumbani husikia mbinja hizo zikipita juu ya paa, na wengine huzieleza kwa mambo yasiyo ya ndege kabisa. Jambo la ajabu ni kwamba bata huyu huyu yupo pia Amerika Kusini, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, wala hatofautiani na wa kwetu.

Ndugu yake ni bata mbinja mwekundu (Dendrocygna bicolor), mwenye rangi ya ngozi iliyotiwa dawa na michirizi ya rangi ya maziwa ubavuni. Mbinja yake ni ya sauti mbili, nyembamba na yenye mkwaruzo kidogo: "ki-wiii". Mwanafunzi akumbuke hesabu tu: tatu zishukazo ni za uso-mweupe, mbili zenye mkwaruzo ni za mwekundu. Huyu wa pili hupenda sana mashamba ya mpunga, na hapo ndipo ugomvi wake na wakulima unapoanzia. Mkulima atakaye kujua ni nani aliyelala shambani mwake usiku hana njia nyepesi kuliko kusikiliza, maana si kila ndege aonekanaye shambani asubuhi ndiye aliyekula mpunga. Wengine wamefuata konokono na wadudu. Sumu imwagwayo bila kujua hilo huua wote sawasawa, na nyama ya bata aliyekufa kwa sumu ni hatari kwa mlaji.

Tukiingia katika mayungiyungi tunawakuta bata wawili wasiopenda kuonekana. Bata mgongo-mweupe (Thalassornis leuconotus) huelea chini sana majini, mkia umezama, kichwa kikubwa, na doa jeupe ubavuni mwa uso karibu na mdomo. Mgongo mweupe hauonekani mpaka aruke, naye huona ni heri kupiga mbizi kuliko kuruka. Kwa ukoo yu karibu na bata mbinja kuliko bata wengine, na sauti yake yathibitisha undugu huo: mbinja nyororo, ikipanda kisha ikishuka, itokayo katikati ya majani mahali ambapo jicho halioni kitu. Wa pili ni bata kibete (Nettapus auritus), mdogo kuliko bata wote wa Afrika, mwenye uzito wa robo kilo na ziada kidogo. Tumbo jekundu la kutu, uso mweupe, mgongo wa kijani kilichokolea, na dume mwenye mdomo wa manjano; lakini rangi zote hizo hupotea katika vivuli vya majani ya yungiyungi, ambayo mbegu zake ndizo chakula chake kikuu. Mbinja zake ni laini kama za mtoto ajifunzaye kupuliza filimbi. Hutaga ndani ya matundu ya miti, kwa hiyo ziwa lenye mayungiyungi lakini lisilo na miti mikubwa yenye matundu karibu nalo halimtoshi.

Hapa ndipo tabia ya bata inapogeuka kuwa habari za ziwa. Ziwa Naivasha lilikuwa na mashamba mapana ya mayungiyungi. Mwaka 1970 aliletwa humo kamba mwekundu wa maji baridi, mwenye asili ya kusini mwa Marekani, ili awe zao la uvuvi. Kamba huyo hula karibu kila kitu, na mimea ya majini ni miongoni mwa avipendavyo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mayungiyungi pamoja na mimea iliyozama yalikuwa yametoweka, na katika mwaka 1988 likatokea gugumaji, mmea wa kigeni ueleao, ambao huziba maji bila kuwapa bata hao chakula walichozoea. Tangu hapo mimea iliyozama imekuwa ikirudi na kutoweka kwa zamu, kadiri idadi ya kamba inavyopungua na kuongezeka. Aliyekwenda huko katika miaka ya 1980 kumtafuta bata wa mayungiyungi alikuwa kama amtafutaye mtu katika nyumba iliyokwisha kubomolewa. Mhesabuji aandikaye "kimya" mbele ya jina la bata hao, mwaka baada ya mwaka, haandiki upuuzi. Anaandika historia ya mimea.

Katika maji ya kina kifupi yenye matope na nyasi kuna wengi zaidi, na hapo kelele huwa nyingi. Bata domo-njano (Anas undulata) ndiye bata wa kawaida wa nyanda za juu, naye hupatikana hata katika mabwawa ya kunyweshea ng'ombe. Jike lake hutoa "kwaa" kubwa zifuatanazo, ya kwanza kali na zifuatazo zikififia. Msikiaji aliyezoea bata wa Ulaya atadhani amewasikia hao. Bata domo-jekundu (Anas erythrorhyncha), mwenye utosi mweusi na mashavu ya rangi ya maziwa, ni mpole wa sauti: dume hutoa mlio mwembamba wa kupanda kama kitambaa kinachopasuliwa, na jike "kwaa" iliyofifia. Mdogo wao ni bata domo-buluu (Spatula hottentota). Huyu hukaa ukingoni kabisa, pale nyasi na maji vichanganyikapo, wawili wawili au wachache, na mara nyingi mtu humkanyaga karibu kabla hajamwona. Arukapo hutoa milio mikavu ya haraka, "tse-tse-tse-tse", kama mtu azungushaye kitasa kibovu. Sijui bata mwingine wa hapa ambaye sauti yake yafaa zaidi kumtambulisha kwa mtoto wa shule.

Katika maji hayo hayo huja pia wakubwa. Bata bukini wa Misri (Alopochen aegyptiaca) hamruhusu mtu kuuliza jina lake mara mbili. Jike hupiga kelele za ukali zisizokoma, na dume humjibu kwa sauti ya mtu aliyepotelewa na sauti kwa mafua. (Bukini ni jina la kale la Madagaska, ingawa ndege huyu ni wa bara la Afrika.) Bata kikucha (Plectropterus gambensis), mwenye mwiba mgumu kwenye kiungo cha bawa, ndiye mkubwa kuliko jamaa zake wote wa Afrika, na dume huweza kuzidi kilo sita. Mtu hutazamia ngurumo. Arukapo hutoa sauti nyembamba, dhaifu, ya mapovu. Na bata kinundu (Sarkidiornis melanotos), ambaye dume ana nundu ya nyama juu ya mdomo, karibu hana la kusema mwaka mzima. Huyo, lazima nikiri, sikio halimpati, na ni lazima jicho lifanye kazi yake.

Twende sasa kwenye magadi. Bata mdogo wa kijivu, mdomo wa waridi, kichwa cha rangi ya majivu yenye madoa madogo, akiogelea kwa amani katika maji yanayowasha macho ya mwanadamu: huyo ni bata wa magadi (Anas capensis). Hula mabuu ya wadudu na viumbe wadogo wastahimilio chumvi, na makao yake ni Nakuru, Elmenteita, Natron, Manyara na maziwa ya mfano huo. Ni mkimya, dume akiwa na mchumba hutoa mluzi mwembamba wenye mkwaruzo, na jike hujibu kwa sauti ya puani. Hapa basi maji ndiyo yatajayo jina, na sauti huja kuthibitisha tu. Kundi la bata wadogo wa rangi nyepesi, wasio na kelele, katikati ya ziwa la magadi lisilo na jani hata moja, halihitaji kuandikwa "aina haikutambulika".

Lakini magadi nayo hubadilika. Tangu kama mwaka 2010 maziwa mengi ya Bonde la Ufa nchini Kenya yamefura. Ziwa Nakuru liliufunika msitu wa migunga uliokuwa kandoni mwake pamoja na barabara na majengo ya hifadhi, na Ziwa Baringo likawahamisha wakazi wengi. Maji mengi yakiingia katika ziwa la magadi, chumvi hupungua ukali, mwani uliokuwa chakula cha heroe hupungua, na heroe wakaenda kwingine, kama ilivyoonekana na kuandikwa na wengi. Habari za bata huandikwa na wachache. Iwapo domo-njano, ndege wa maji baridi, aanza kusikika mahali palipokuwa pa bata wa magadi, hilo lataka kuandikwa tarehe yake, kwa maana ni alama ya mabadiliko ya kikemia ambayo shule isiyo na maabara yaweza kuigundua kwa masikio.

Bata wa maji ya kina hujulikana kwanza kwa namna wanavyoondoka. Wale tuliowataja wa matope na wa magadi huruka moja kwa moja kutoka majini kama waliotupwa. Wapigao mbizi miguu yao iko nyuma zaidi ya mwili, nao hulazimika kukimbia juu ya maji kabla ya kupaa. Sauti ya nyayo hizo, "pata-pata-pata", husikika mbali penye utulivu. Hivyo ndivyo aondokavyo bata jicho-jekundu (Netta erythrophthalma), mweusi-kahawia, akionyesha mstari mweupe mrefu bawani. Mwenziwe, bata mkia-mgumu (Oxyura maccoa), haruki ila kwa shida, naye ndiye mwenye kuhitaji masikio yetu kuliko wote. Ni mfupi, mnene, dume wa rangi ya matofali mwenye kichwa cheusi na mdomo wa buluu, mkia wake ukisimama kama ufagio. Maziwa ya Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni mahali paaminifu pa kumtafuta. Hula mabuu yaliyo chini ya matope, kwa hiyo sumu yoyote itulayo chini ya ziwa humpata yeye kabla ya wengine. Amekwisha kuorodheshwa kimataifa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Wakati wa kupandana dume huvimbisha shingo na kutoa mlio mrefu wa kukoroma, ambao asiyejua huusikia kama wa chura, akapita. Nje ya wakati huo hunyamaza.

Wageni wa kaskazini wanaosikika ni watatu hasa. Bata nyusi-nyeupe (Spatula querquedula) dume hutoa mkwaruzo mkavu kama kijiti kipitishwacho juu ya meno ya kitana. Kwa mwezi wa Februari, hata manyoya yake yakiwa hayajabadilika, mkwaruzo huo humtaja. Bata mkia-mshale (Anas acuta) hutoa mluzi mfupi wa chini. Bata domo-pana (Spatula clypeata) hutambuliwa kwa kishindo cha mabawa arukapo, na kwa tabia yake ya kuzunguka duara na wenziwe, kila mmoja akichuja maji yaliyokorogwa na aliyemtangulia.

Mhesabuji ajihadhari na wasio bata. Kukuziwa mweusi mwenye paji jeupe huogelea katikati ya bata kwa mamia, lakini mdomo wake umechongoka na sauti yake ni ya mkato wa ghafla. Kibisi mdogo hupiga mbizi kama bata na kucheka kwa mlio mrefu utetemao kama wa farasi mdogo. Wengi wamemwandika kuwa bata mbinja. Bata hatetemeshi sauti namna hiyo.

Kwa shule itakayo kujaribu, saa ya kwanza baada ya mapambazuko ndiyo bora, kabla upepo wa mchana haujaanza. Msikilizaji akae mahali ambapo upepo watoka kwa bata kuja kwake. Upepo huenda kasi zaidi juu kuliko karibu na maji, kwa hiyo sauti iendayo pamoja nao hupindwa kushuka hadi masikioni, na iendayo kinyume hupindwa kwenda juu, ikapotea. Ndiyo sababu bata walio karibu huonekana mabubu upande mmoja wa ghuba na wenye makelele upande wa pili.

Daftari ligawanywe safu nne: saa, maji, sauti, jina. Safu ya jina ijazwe mwisho. Katika safu ya sauti msitumie maneno pekee, chora mstari. Mstari upandao ni sauti ipandayo, mrefu ni sauti ndefu, wenye meno ni mkwaruzo, nukta ni milio mikavu. Wanafunzi wawili waliosikia bata mmoja huandika "fii" na "swii" wakabishana, lakini wakichora hutoa picha moja. Simu za mkononi za siku hizi hunasa sauti vizuri, na zipo programu zidaizo kutaja ndege. Zitumike baada ya mwanafunzi kuchora, si kabla, na sauti iliyonaswa isichezwe karibu na viota, maana ndege mwenye mayai huyaacha akidhani mpinzani amekuja. Karatasi za kila Januari zihifadhiwe pamoja, na juu ya kila moja iandikwe hali ya maji siku ile: yalifika kwenye jiwe gani, mayungiyungi yalikuwapo au la, matete yalikatwa au yalichomwa.